Mwaka wa Pili Ndio Shahada Yenyewe

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa nne wa fizikia na wazazi wao, Nairobi

Walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi vijana mnaokaribia kumaliza: hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba leo tumekubaliana kuzungumza Kiswahili, maana wapo wazazi hapa waliolipa karo miaka minne bila mtu yeyote kuketi nao akawaeleza mtoto anasoma nini na anaweza kuelekea wapi.

Nitazungumzia shahada ya uzamili katika fizikia, na uzamifu, yaani udaktari, kidogo. Nina neno moja kubwa, nami nitalisema mapema.

Uzamili hapa kwetu kwa kawaida ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani: mekanika ya kwanta, sumakuumeme, fizikia ya takwimu, mbinu za hisabati. Mwaka wa pili ni utafiti na tasnifu. Wanafunzi wengi huumaliza mwaka wa kwanza vizuri, halafu wanapotea. Hawafeli, wanapotea tu. Ukimuuliza mtu habari za tasnifu anakwambia, "Naendelea, mwalimu." Mwaka unakatika, na mwingine unakatika. Ameshapata kazi ya kufundisha mahali, ana familia, na tasnifu imelala kwenye kompyuta ikiwa na sura mbili. Nimewaona vijana hodari, watu ambao darasani walikuwa wakiwafundisha wenzao, wakiishia hapo hapo. Inaniuma kila mara.

Kwa nini hutokea hivyo? Mwaka wa kwanza unafanana na kila kitu ulichokifanya tangu darasa la kwanza. Mwalimu yupo, swali lina jibu, na mtihani una tarehe. Ukiingia mwaka wa pili vyote hivyo vinaondolewa kwa mpigo. Swali lenyewe huna hakika kama linajibika. Hakuna kengele, wala hakuna anayekuja kukugongea mlango. Na shahada inaanzia pale. Anayejiandikisha akitarajia kuongezewa mihadhara ajue kwamba mihadhara ni maandalizi. Mwaka wa pili ndio shahada yenyewe, na unapaswa kuupanga kabla hujalipa hata karo ya muhula wa kwanza.

Niwaonyeshe ninachokiita utafiti, ili nisionekane nazungumza hewani. Na mfano wenyewe ni wa hewa.

Kuna vipima hewa vya bei nafuu ambavyo vimeenea sana siku hizi. Ukikifungua kimoja utakuta kifeni kidogo kinachovuta hewa, leza, na kitambuzi cha mwanga. Chembe ya moshi au vumbi ikikatiza mbele ya leza hutawanya mwanga; kitambuzi huuona ule mmweko, na kifaa hukadiria ukubwa wa chembe na wingi wake, kisha hukupa jibu kwa mikrogramu katika kila mita moja ya ujazo. Zinazotuhangaisha zaidi ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, kwa sababu hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka wa 2021, linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Tuseme mwanafunzi amekiweka kifaa hicho juu ya paa kando ya Barabara ya Jogoo. Mwezi wa Februari mambo yanaeleweka. Alfajiri magari yakianza, namba zinapanda. Adhuhuri jua likiipasha ardhi joto, hewa ya chini inapanda na kuchanganyika na ya juu, namba zinashuka. Halafu inafika Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi, baridi na wingu zito, watu wamevaa majaketi mpaka saa sita. Sasa namba zinaruka sana alfajiri, hata Jumapili wakati barabara iko karibu tupu. Mwanafunzi aliyebaki darasani ataandika kwamba uchafuzi huongezeka Julai, achore grafu, afunge sura. Mtafiti atakwama papo hapo na kujiuliza: magari hayapo, moshi huu unatoka wapi?

Chembe nyingi za hewani hunyonya maji. Unyevunyevu ukiwa mwingi huvimba, zikivimba hutawanya mwanga zaidi, na leza haina njia ya kujua kwamba kilichoongezeka ni maji. Kwa hiyo sehemu ya ule mruko ni kifaa kudanganyika. Lakini si yote! Asubuhi ya baridi, hewa ya chini hukaa imetulia bila kupanda, na moshi wa majiko na wa taka zinazochomwa unabaki karibu na ardhi pale pale watu wanapopumulia. Basi kiasi gani ni maji, na kiasi gani ni moshi wa kweli? Hilo ndilo swali la tasnifu. Kulijibu kunataka uweke kipima unyevunyevu kando ya kile cha kwanza, na kando yake pampu inayopitisha hewa kwenye karatasi ya kichujio ambayo umeipima uzito ikiwa kavu kabla na baada. Kisha unalinganisha siku baada ya siku, msimu wa mvua na wa kiangazi, mpaka uweze kuandika sahihisho ambalo mtu mwingine wa Nairobi anaweza kulitumia. Wazazi wangu, hiyo ni fizikia ya kiwango cha uzamili, na inagusa kifua cha kila mtoto anayelala karibu na barabara ile.

Sasa, msimamizi. Hili wanafunzi hulipuuza kuliko yote. Wanachagua chuo, wanachagua nchi, na msimamizi wanapangiwa tu kama kitanda cha bweni.

Wengi wenu mnakijua kisa cha Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaingiza mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka. Aliahidi kulijaribu, akarudi Dar es Salaam, akahakikisha limejaribiwa maabarani, na mwaka wa 1969 wakachapisha makala pamoja, jina la kijana likiwa pale.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kumsifu Mpemba, na anastahili. Mimi leo namtazama Osborne. Alilichukua swali la mtu asiye na cheo, akaliweka kwenye kipimo, na matokeo yalipotoka akamshirikisha mwenye swali. Hizo ndizo kazi za msimamizi. Kabla ya kumkubali mtu akusimamie, nenda ukazungumze na wanafunzi wake wa sasa, na hasa wale waliomaliza. Waulize: akipewa sura huirudisha baada ya muda gani? Makala yakichapishwa, jina la mwanafunzi hukaa wapi? Ni wangapi walioanza naye wakamaliza? Majibu hayo yatakufaa kuliko orodha ya vyeo vyake.

Na kisa chenyewe hakijaisha. Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walilipima jambo hilo upya kwa uangalifu mkubwa na hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Waligundua pia kwamba kukosea mahali pa kuweka kipimajoto kwa takriban sentimita moja kunaweza kukupa jibu lisilo la kweli. Wengine wanaendelea kubishana nao. Zaidi ya miaka 50, na mjadala unarudi kwenye swali kwamba kipimajoto kilikaa wapi. Kijana anayekuja uzamili aje akijua atakaa na vitu vya namna hiyo, na avipende.

Mada nayo ina ushauri wake, mfupi. Usikubali mada inayotegemea mashine ambayo hujaiona ikiwashwa. Utaambiwa chuo kina kifaa fulani, na kweli kipo, kimefunikwa kitambaa. Nenda siku ya kazi uombe kiwashwe mbele yako. Uliza nani hukirekebisha, vipuri hutoka wapi, gesi ya silinda au naitrojeni ya maji hununuliwa kwa fedha za nani, na umeme ukikatika katikati ya kipimo inakuwaje. Tasnifu nyingi zilizolala zimelala zikisubiri sampuli irudi kutoka ng'ambo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza maswali hayo mapema.

Asiyepata maabara yenye vifaa ana njia nyingine ya heshima kabisa. Tangu kazi ya Walter Kohn, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka wa 1998, tunaweza kuhesabu tabia za elektroni ndani ya fuwele kwa kompyuta, na kutabiri kama kitu fulani kitafaa kwa seli ya sola au betri kabla hakijatengenezwa. Programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure. Kompyuta ya mezani inatosha kuanzia, na makundi ya Kenya yamewahi kutumia kompyuta kubwa za CHPC, kituo cha Afrika Kusini cha hesabu za kompyuta kule Cape Town. Lakini msidhani ni njia ya mkato. Anayebonyeza na kunakili namba bila kuhakikisha hesabu yake imetulia, bila kuongeza kikomo cha nishati, kinachoamua usahihi wa hesabu, na kuona kama jibu linabadilika, hana tofauti na yule aliyeiamini leza siku ya ukungu.

Niwageukie wazazi. Swali lenu nalijua: fizikia itamwajiri wapi? Ni swali halali na lisijibiwe kwa hasira.

Nitataja kazi moja tu niieleze vizuri. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi mara nyingi hupewa kipimo cha grei 2 kwa siku (grei ni kizio cha mionzi inayofyonzwa na mwili), siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Ikiwa ni wiki tano, jumla ni grei 50. Daktari ndiye anayeandika kiasi hicho. Ila kati ya karatasi ya daktari na mwili wa mgonjwa yupo mtu anayepima mwale wa mashine ndani ya tangi la maji, anayekokotoa utakavyopita katika ngozi, mfupa na pafu, na anayethibitisha kila asubuhi kwamba mashine inatoa kile inachosema inatoa. Kiwango kinachotakiwa kimataifa ni kosa lisizidi asilimia 5 hivi. Pungufu, uvimbe unarudi. Zaidi, nyama isiyo na ugonjwa inaungua. Mtu huyo ni mwanafizikia wa tiba, na shahada ya kwanza peke yake haimtoshi. Mnajua foleni zilivyo kwenye hospitali zetu. Kila mashine mpya inayonunuliwa nchini inamsubiri mtu huyo.

Wako pia wanaosoma miamba ya Olkaria ili tujue kisima cha mvuke kichimbwe wapi, walio kwenye viwango vya vipimo, kwenye hali ya hewa, kwenye benki wakihesabu hatari za mikopo. Sitawadanganya kwamba milango yote iko wazi. Wapo wenye uzamili wanaotafuta kazi hadi leo. Ndiyo maana nasema wazi: anayetaka uzamili ili kujaza muda akisubiri ajira, asije fizikia. Atachoka mwaka wa pili, atadaiwa karo, na kazi akiipata ataiacha tasnifu. Anayekuja kwa sababu kuna jambo linamnyima usingizi, huyo nitampokea hata kama alama zake si za kwanza darasani.

Na kwa wenye mabinti, niwaombe jambo moja. Vipimo vingine huendelea hadi usiku, na mwanafunzi hawezi kumwachia mtu mwingine. Msimwambie arudi nyumbani saa kumi na mbili kama ambaye hana kazi. Kaeni naye mpange usafiri, na sisi walimu tuna wajibu wa kuhakikisha hayuko peke yake kwenye jengo. Nimeona kipaji kikubwa kikiondoka kwa sababu ya nauli ya usiku ambayo hakuna aliyeizungumzia.

Kuna jambo la nchi, na hapa mtanivumilia, maana nalipenda.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, kulirushwa setilaiti ya Marekani ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Miale hiyo humezwa na angahewa, kwa hiyo lazima utoke nje yake ndipo uione. Faida moja ya ikweta ni kwamba dunia inavyozunguka, mahali hapo panakusukuma bure kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kuadhimisha uhuru wetu, chombo kikaitwa Uhuru. Ndicho kilichokuwa cha kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kiliorodhesha vyanzo 339, na kilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kinaweza kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobeli ya fizikia mwaka wa 2002.

Takwimu zilikwenda Massachusetts kuchambuliwa. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina.

Silaumu mtu. Taifa lilikuwa na miaka saba, na Chuo Kikuu cha Nairobi ndio kwanza kilikuwa kimesimama chenyewe mwaka ule ule. Lakini tazameni kilichofuata. Mwezi wa Mei 2018 chombo kidogo cha 1KUNS-PF, kilichotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 hivi kila upande, kiliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa msaada wa Japani. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ikirushwa kutoka California. Kati ya 1970 na 2018 hakikubadilika kitu kuhusu ikweta. Waliobadilika ni watu: walioenda kusoma wakarudi, waliobaki wakafundisha, waliosimamia tasnifu moja moja kwa miaka mingi bila kutajwa gazetini. Nikimwambia kijana asiiache tasnifu yake ya vumbi la Barabara ya Jogoo, nina hilo moyoni. Mwenye ujuzi wa kuchambua takwimu za kitambuzi cha mwanga juu ya paa ameanza njia ya kuchambua za kitambuzi kilicho angani.

Wanaotaka kwenda nje, nendeni, ila chagueni swali na msimamizi kwanza, nchi baadaye. Na si lazima "nje" iwe mbali. Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iko tangu 2018 taasisi ya Afrika Mashariki iliyo mshirika wa ICTP, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, inayotoa uzamili na uzamifu wa fizikia. ICTP yenyewe iko Trieste, Italia. Aliianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka wa 1964, kwa sababu alirudi kwao kufundisha akajikuta hana wa kuzungumza naye fizikia, na hakutaka vijana wengine wachague kati ya nchi yao na kazi yao. Wana diploma ya mwaka mmoja ya wanafunzi kutoka nchi kama zetu, na ufadhili wake. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka wa 2003, nayo ina kituo Kigali. Ujerumani, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo ya uzamili, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Gharama ya kuishi ndiyo ya kupangia. Marekani unaweza kuomba uzamifu moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza, na idara nyingi za fizikia hukulipa posho ukiwasaidia kufundisha au kutafiti. Jiandae kwa miaka kama sita. Maombi yao mengi hufungwa Desemba na Januari, kwa hiyo anayeanza kufikiria Novemba amechelewa. Ada ya maombi ikikushinda, waandikie uombe usamehewe. Wengi huombwa, na wengi hukubali.

Sasa barua ya kwanza kwa msimamizi, maana wengi mmeniuliza. Iwe fupi. Usianze kwa kumsifu, na usimtumie barua ile ile uliyowatumia wengine ishirini. Anaijua akiiona tu. Soma makala yake moja, moja tu lakini uisome hadi mwisho. Makala mengi ya fizikia yapo bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, kwa hiyo kukosa jarida si sababu. Mweleze kwa sentensi tatu ulichofanya katika mradi wako wa mwaka wa nne, ulipima nini, kosa la vipimo lilikuwa kiasi gani. Kisha muulize swali moja la kweli kuhusu makala ile, lile ambalo lilikusumbua ulipokuwa ukisoma. Kama hakuna kilichokusumbua, bado hujaisoma. Rudi usome tena kabla ya kutuma. Asipojibu baada ya wiki mbili, mwandikie tena mara moja kwa adabu, halafu endelea na mwingine.

Kwa wanaobaki hapa: wiki ijayo kuanzia Jumatatu, saa nane mchana, maabara zitakuwa wazi na mashine zitakuwa zimewashwa. Wanafunzi wa uzamili watakuwepo, pamoja na wale ambao kazi zao zimekwama, na nimewaomba wawaeleze ukweli. Njooni na maswali yenu, na mzazi anayetaka kuona aje pia.